Bima ya Afya kwa Wote na Daftari Letu la Michango

(Maneno ya kamati ya fedha kwenye mkutano wa mwaka wa umoja wetu, Dar es Salaam, Novemba 2024)



Kila mwaka sisi wa kamati ya fedha tunasimama hapa na kusoma mapato na matumizi. Mkaguzi anasema hesabu ziko sawa, mnapiga makofi, tunakwenda kula. Mwaka huu taarifa imechapwa kwenye kijarida, kila mmoja ataisoma kwa nafasi yake na mwenye swali atatupigia simu. Tumeomba dakika zetu tuzitumie kwa jambo jingine, ambalo tumeliona tukiwa tunafunga vitabu: bima ya afya, na sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa na Bunge letu.

Tuanze na kurasa mbili za daftari. Familia inayohusika imeturuhusu tuseme, mradi tusitaje jina wala kitongoji.

Mwaka jana ndugu yetu mmoja, mkulima, baba wa watoto watano, aliugua ghafla usiku. Alikuwa na ngiri. Kila mtu nyumbani alijua ana ngiri, kwa sababu alikuwa akiishika kwa mkono anapoinama kukata majani ya kibanja. Miaka mitatu kabla aliambiwa afanyiwe upasuaji. Ngiri ikifanyiwa upasuaji kwa utaratibu, mtu akiwa na nguvu zake, ni kazi ya kawaida ya hospitali ya wilaya. Mgonjwa hurudi nyumbani baada ya muda mfupi. Yeye alisema atakwenda akivuna kahawa. Msimu wa kwanza kahawa ilikwenda kwenye ada ya shule. Msimu wa pili ilikuwa imeshauzwa butura, ikiwa bado maua mtini, kwa sababu mtoto mdogo alikuwa amelazwa. Msimu wa tatu hakuuona. Ngiri ilikaba, utumbo ukaanza kufa, akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili usiku ule, mmoja akimshika kwa nyuma asianguke. Alipofika palipokuwa na daktari wa upasuaji ilikuwa siku ya pili.

Ukurasa wa kwanza wa daftari unaonyesha mchango wa matibabu yake. Ujumbe uliwekwa kwenye kundi letu la simu asubuhi ya siku hiyo. Kwa siku nne tulipata shilingi 285,000. Tunakumbuka vizuri, kwa sababu tulikuwa tunawakumbusha watu, na baadhi yetu walikuwa wanajibu kwa alama ya mikono iliyokunjwa ya kuomba dua.

Ukurasa wa pili unaanza siku ya tano, saa kumi na moja jioni. Kufika saa nne usiku huohuo tulikuwa na shilingi 1,400,000 za mazishi, na nyingine zilikuwa bado zinaingia. Jeneza lilipatikana, gari lilipatikana, mahema, mchele, kila kitu. Hata waliokuwa kimya siku nne zote walituma.

Hatusemi haya kumsuta mtu. Sisi wenyewe tulioshika daftari tumo humo, na mchango wetu wa msiba ulikuwa mkubwa kuliko wa ugonjwa. Ndivyo tulivyolelewa: kumzika mtu vibaya ni aibu ya ukoo mzima. Lakini mhasibu akiona kurasa mbili za namna hiyo hawezi kufunga kitabu na kusema hesabu ziko sawa.

Sasa tuulize: huyu ndugu hakuwa na bima? Aliwahi kuwa nayo. Alikuwa na kadi ya CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, kwa miaka miwili. Mwaka wa pili alikwenda zahanati na mtoto mwenye homa, akapimwa, akaandikiwa dawa, akaambiwa dawa hazipo, akanunue duka la dawa. Alilipa mfukoni. Mwezi mwingine ikawa vilevile. Kadi ilipoisha muda wake hakuihuisha. Alimwambia mdogo wake, elfu thelathini ninalipa ya nini, ya kuandikiwa karatasi? Hatuwezi kumwita mjinga. Hata sisi mjini tungefanya hivyo.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Watu wengi wetu tunadhani kwamba nyumbani hakuna bima kwa sababu watu hawajaelimishwa. Wanaelewa sana. Wanachokataa ni kulipa mara mbili.

Tuangalie jinsi matibabu yanavyolipiwa nyumbani hivi sasa. Kuna butura, mnaijua: mnunuzi anakuja na fedha taslimu wakati una mgonjwa, anachukua kahawa yako ikiwa maua kwa bei anayotaka yeye, na msimu ukifika bei ikiwa nzuri kama ilivyokuwa mwaka huu, faida inakwenda kwake. Serikali imeikataza miaka nenda rudi na bado ipo, kwa sababu ugonjwa haungoji mnada. Kuna kuuza mbuzi au ng'ombe. Kuna kukata kipande cha kibanja, jambo ambalo wazee wetu waliliogopa kuliko njaa, kwa maana kibanja ni makaburi ya baba zako na ni chakula cha wajukuu zako. Na kuna kumpigia simu mtoto aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Arusha.

Hii ya nne ndiyo sisi. Sisi ndio bima ya Nyakakika. Ni bima isiyo na masharti yaliyoandikwa, haina akiba, inalipa baada ya mgonjwa kuzidiwa, na inamhudumia yule tu mwenye mtoto mjini anayepokea simu. Bibi asiye na mtoto mjini hana namba ya kupiga.

Wengi wetu humu ukumbini tuna kadi ya NHIF. Tunakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 3, basi. Tukiugua hatuitishi mchango. (Na tuseme jambo moja la pembeni kabla hatujasahau: kadi ile inamhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wengine wanne, na wategemezi hao wanaweza kuwa wazazi wako. Wapo kati yetu wenye watoto wawili tu na nafasi mbili zimekaa wazi miaka kumi, huku mama anauza mbuzi. Kesho Jumatatu nenda kwa afisa utumishi ukaulize fomu.)

Tulifikaje hapa? Wazee waliopo wanakumbuka kwamba baada ya Azimio la Arusha la 1967 matibabu kwenye vituo vya serikali yalikuwa bure. Zahanati zilijengwa vijijini, na mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku hata hospitali binafsi za kibiashara. Lilikuwa wazo zuri na lilifika mbali. Lakini fedha ziliisha. Miaka ya themanini mtu alikwenda hospitali ya bure akakuta kitanda bila godoro na daktari bila glavu. Mwaka 1993 serikali ikaanza utaratibu wa kuchangia gharama, na ndipo ilipoanza ile habari ya kulipa dirishani kabla ya kumwona mganga. Kukawa na misamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na magonjwa kama kifua kikuu. Misamaha ipo mpaka leo. Lakini msamaha wa kulipa haununui dawa. Mama mjamzito hatozwi, ni kweli, lakini anakwenda na beseni lake, glavu zake, pamba yake na wembe wake.

Mwaka 1996 ukaanza mfano wa CHF katika wilaya ya Igunga, Tabora. Sheria yake ikatungwa 2001, mwaka uleule NHIF ya wafanyakazi wa serikali ilipoanza kazi. Mwaka 2018 ikaja ile inayoitwa CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na kadi ilifika mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Bukoba kwa upande wetu. Kwa maneno ya karatasi hii ni nafuu kabisa. Ukigawa kwa watu sita ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima. Basi kwa nini wakati muswada wa bima kwa wote unapelekwa bungeni Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa karibu asilimia 15 tu?

Hapa mtuvumilie, tutafanya hesabu. Namba hizi ni za mfano, si za kijiji chochote.

Chukua kaya 100. Kila kaya ikilipa 30,000, mfuko una shilingi 3,000,000. Sema katika mwaka kaya 20 zinapata ugonjwa mkubwa, na kila moja inatumia wastani wa 120,000. Hizo ni 2,400,000. Zinabaki 600,000 za kutibu malaria na kikohozi cha wengine, na kama serikali inaongeza fedha yake juu ya zile za wananchi, ile waliyoiita tele kwa tele, zahanati inaweza kuweka dawa. Mfuko unapumua.

Sasa fanya bima iwe ya hiari. Nani atakuja kulipa? Atakuja mwenye ngiri, mwenye presha, mwenye kisukari, mama anayetarajia kujifungua kwa upasuaji. Kijana mwenye afya atasema mwakani. Wakiingia kaya 30, zikiwemo zile 20 zenye wagonjwa, mfuko una 900,000 na madeni ni 2,400,000. Pengo ni shilingi 1,500,000. Nani analiziba? Hakuna. Dawa zinaisha. Wale 10 wenye afya walioingia kwa uzalendo wanakuta hakuna dawa, wanatoka. Wanabaki wagonjwa peke yao na kadi zao mkononi.

Ndugu yetu wa ngiri alikuwa mmoja wa wale waliotoka. Alipotoka alikuwa hajazidiwa bado.

Mambo haya hayako vijijini tu. Mnakumbuka Toto Afya Kadi ya NHIF, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi tulikuwa tunaikatia mtoto aliyekwisha kuanza kuumwa, watoto wazima tunawaacha. Mwaka 2023 mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kutaka watoto waandikishwe kupitia shule zao, wengi kwa pamoja. Watu walilia sana, na waliokuwa na watoto wagonjwa waliumia kweli. Lakini wahasibu wote tulijua kwa nini. Huwezi kuendesha bima ya nyumba kwa kuwasajili wenye nyumba zinazofuka moshi.

Ndiyo maana sisi tunaunga mkono Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Inasema kila mkazi wa nchi hii awe na bima, na kwamba asiye na uwezo alipiwe. Muswada wa kwanza, wa 2022, ulikuwa na vifungu vya kutisha: mtu asiye na bima angekwama kwenye huduma nyingine za serikali. Tena ikatajwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Tulishtuka. Ukiwa na kibanja cha ekari moja na watoto wanne shuleni, 340,000 ni mfungo. Muswada ule uliondolewa bungeni mapema 2023, ukarekebishwa, na ukapita Novemba mwaka huohuo. Sheria iliyotoka inaanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na imetaja wapi fedha zitatoka: kodi kwenye vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha, bima za magari na miamala ya kielektroniki. Kwa hiyo ndugu zangu mnaopenda bia, mtakuwa mnamtibu bibi. (Rubisi haitozwi kodi, msije mkahamia huko wote.)

Kifungu cha fedha ndicho tunachokiangalia kuliko vyote. Sheria bila fedha ni kama ile misamaha ya wazee: imeandikwa, imebandikwa ukutani, na mzee anarudi nyumbani na karatasi ya dawa. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikutana Abuja na kuahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi yetu ilikuwepo, na hatujafika huko. Mtu anayesema bima kwa wote ni lazima, halafu hasemi nani atamlipia kaya ya mjane wa Nyakakika, anatuongezea kodi tu.

Wapo kati yetu waliotuambia wiki hii: serikali imeshindwa CHF, itaweza hii? Tena Machi 2024 tuliona baadhi ya hospitali binafsi zikiwakataa wanachama wa NHIF kwa sababu ya mvutano wa bei mpya. Ni hoja nzito na hatuna jibu la kuipuuza. Tunaweza kusema tu kwamba wapo majirani waliojaribu, na hawako mbali.

Rwanda iko hapo kwa pili. Walianza mutuelle kwa majaribio mwaka 1999, wakaifanya lazima kwa sheria ya 2007. Mwaka 2024 mkulima wa kawaida alikuwa akilipa faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka, maskini kabisa alikuwa akilipiwa, na aliyekwenda kituo cha afya alikuwa akitoa faranga 200 dirishani. Hospitali anatoa asilimia 10 ya gharama. Wenye uwezo zaidi wanalipa zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya watu wao wamo. Wana matatizo yao, hospitali zao hulalamika kucheleweshewa malipo, lakini mkulima wa ngiri hangoji kahawa. Na wale si matajiri kuliko sisi. Wanalima ndizi na maharage na kahawa kama sisi, kwenye vilima kama vyetu, tena mashamba yao ni madogo.

Mfano wa pili tunaupenda zaidi. Ng'ambo ya mto Kagera, Ankole na Kigezi, kulikuwa na vyama vya engozi. Wengi humu neno hilo halihitaji kutafsiriwa. Ni machela ya kumbebea mgonjwa kwenda hospitali, na chama ni watu wa mlima mmoja waliokubaliana kubebana. Ukiwa mwanachama, ukiugua, wanaume wanakuja usiku wanakubeba. Ukifa wanakurudisha. Asiyebeba wenzake habebwi. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi, ya Kanisa la Uganda huko Rukungiri, ilianza bima yake kwa kupitia vyama hivyo. Hawakuandikisha mtu mmoja mmoja. Walikiendea chama cha engozi wakasema, njooni kama chama. Wazima na wagonjwa wakaingia pamoja, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wamezoea kubebana. Uganda mpaka leo haina bima ya taifa, lakini kwa Kisiizi mkulima ana bima.

Sisi pia tuna vyama vya kuzikana. Kila kitongoji kinacho. Kina katibu, kina daftari, kina faini ya asiyekuja msibani, na hakuna anayekwepa. Kama kuna mahali ambapo Nyakakika imeshakubali kwamba kila mtu lazima achange, mzima na mgonjwa, tajiri na maskini, ni hapo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba watu wetu hawaelewi bima ya lazima.

Sasa tunaomba nini?

Kamati ya fedha, kwa idhini ya kamati kuu, inapendekeza kwamba sehemu ya harambee ya mwaka huu isiende kwenye jengo. Tunajua hili lina ubishi. Watu wanapenda kuchangia kitu kinachoonekana, chenye mabati na jina letu juu ya mlango. Tulipofikisha wazo hili kwenye kikao cha Septemba mzee mmoja alituuliza, mtapiga picha gani? Ni kweli, kadi haipigiki picha. Mpaka Novemba 2024 mfumo mpya ulikuwa haujaanza kufanya kazi kwa mkulima, na kadi ya CHF ndiyo iliyokuwa bima anayoweza kuimudu. Shilingi 30,000 kutoka kwa mmoja wetu ni kaya moja kwa mwaka. Ni bei ya chakula cha mchana cha watu watatu kwenye hoteli ya kawaida tu ya hapa Dar es Salaam.

Lakini hatutanunua kadi za kugawa ovyo. Tumejifunza kwa kukosea: mwaka mmoja tulilipia kadi, tukawapa wale waliokuwa karibu na ndugu zetu, na waliokuwa mbali hawakupata. Safari hii orodha itatoka kwenye vyama vya kuzikana vya vitongoji. Kila chama kinataja kaya zisizo na uwezo, mbele ya watu, na wanachama wengine wenye uwezo wanajilipia wenyewe palepale. Chama kisichofikisha angalau nusu ya kaya zake hatukilipii maskini wake. Inaonekana ukatili. Tulibishana juu yake usiku mmoja mzima. Tumeona kwamba tukilipia wagonjwa na maskini peke yao tutakuwa tumerudia ile hesabu ya kaya 30, na baada ya mwaka mmoja dawa zitakuwa zimekwisha.

Jambo la pili halihitaji fedha, linahitaji miguu. Siku hizi zahanati na vituo vya afya vya serikali vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao za benki, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa wananchi. Mapato na matumizi yanapaswa kubandikwa ubaoni. Humu tuna wahasibu tisa tuliohesabu, wafamasia wawili, na wauguzi wengi. Desemba tunakwenda nyumbani kula Krismasi na senene. Tunaomba watu wanne wajitolee siku mbili, waende zahanati na kituo kwa adabu, wakiongozana na mwenyekiti wa kijiji, wasome ubao, waulize dawa gani ziliagizwa Bohari ya Dawa, zipi zilikuja, na fedha za CHF zilizorudi kituoni zilinunua nini. Tusiende kama polisi. Mganga wa zahanati zetu anafanya kazi peke yake, usiku anazalisha, mchana anaandika fomu, na mara nyingi hesabu ndizo zinazomshinda. Tukimsaidia kuandika madai yake ya CHF vizuri na kwa wakati, fedha zinarudi, dawa zinanunuliwa, na yule aliyesema "ninalipa ya nini" anapata jibu.

Waheshimiwa madiwani wetu wawili wamepokea nakala ya maneno haya. Tumewaomba waulize kwenye baraza la halmashauri Kayanga: orodha ya kaya zisizo na uwezo chini ya sheria mpya itatengenezwa na nani, lini, na mwananchi aliyeachwa nje atakata rufaa wapi? Ndugu zetu walioko Kyerwa, mliokwenda kwa ndoa au kwa kazi, ulizeni swali hilohilo kwenye halmashauri yenu. Ikitengenezwa ofisini, jina la bibi asiye na mtoto mjini halitakuwemo.

Mjane wa ndugu yetu tuliyemtaja mwanzo amejiunga tena. Amelipiwa na shemeji yake, kaya ya watu sita. Mtoto wake wa nne ana pumu.

Karatasi za ahadi ziko mezani karibu na mlango, upande wa kulia, kwa mama mweka hazina. Kuna sehemu tatu za kujaza: idadi ya kaya unazolipia, kitongoji kama una unachokipendelea, na kama utakuwa nyumbani kati ya tarehe 20 na 30 Desemba. Ukiacha kitongoji wazi tutapeleka pale penye kaya nyingi. Pembeni yake kuna daftari jembamba la jalada la kijani. Hilo si la fedha. Anayejua kaya nyumbani isiyo na mtu wa kumpigia simu aandike humo jina la kitongoji na la mwenye nyumba, tutalipeleka kwa katibu wa chama cha kuzikana. Mpaka tunasimama hapa lilikuwa na majina kumi na moja.